Maji ya Kiberiti ya Amboni na Njia ya Kutoka Handeni na Korogwe

Neno kiberiti, ambalo kwa wasemaji wengi wa leo ni jina la kijisanduku chenye njiti za kuwashia moto, lilikuwa na maana nyingine kabla kijisanduku hicho hakijafika katika maduka ya Afrika Mashariki: ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo hutaja madini ya manjano yanayowaka kwa mwali wa buluu na kutoa moshi unaokaba pumzi, madini ambayo wanakemia wa sasa huyaita salfa. Njiti zilirithi jina hilo kwa sababu vichwa vyake vilitengenezwa kwa madini hayo, na maana mpya ikaifunika ya zamani kiasi kwamba anayeambiwa kuwa karibu na jiji la Tanga kuna maji ya kiberiti huenda akadhani anataniwa. Maji hayo yapo. Yanachimbuka kandokando ya Mto Zigi, jirani na Amboni, kaskazini mwa jiji, mwendo usiozidi kilomita kumi hivi kutoka katikati ya mji, nayo hutoka ardhini yakiwa na moto na harufu ambayo pua huikuta kabla jicho halijaona maji yenyewe. Ramani na vitabu vya wasafiri huziita chemchemi za Galanos.

Kwa mkazi wa Handeni au Korogwe, wilaya mbili za upande wa bara wa Mkoa wa Tanga, chemchemi hizo ziko umbali wa safari ya asubuhi moja, lakini jina linalosikika zaidi panapozungumzwa kuoga kwenye chemchemi ni Chemka, iliyoko wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Chemka ni mahali pazuri na hakuna ubaya wowote katika kuipenda. Inafaa tu kukumbuka kwamba maji yake huishia katika Mto Kikuletwa, kwamba Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwamba yanayotoka katika bwawa hilo ndiyo Mto Pangani, unaopita Korogwe kabla ya kufika baharini. Mtu wa Korogwe anayefunga safari ya Chemka kwa hiyo huyafuata juu maji ambayo, yakipewa muda, yangemjia mwenyewe mpaka mlangoni.

Amboni ina habari nyingine, na makala haya yanashikilia kwamba habari hiyo haisomeki vizuri kwa mtu anayeifikia kwa gari la kukodi kutoka hotelini mjini Tanga, akaitazama kwa nusu saa, akarudi. Inasomeka kwa anayetoka bara, akapita katika nchi yenye kiu, akauvuka mto mkubwa, akazunguka miguu ya milima ya Usambara na kukatiza mashamba ya mkonge, kwa sababu vitu vilivyoifanya chemchemi hiyo iwe jinsi ilivyo, yaani mvua, mwamba uliopasuka na jasho la watu wa mkonge, vyote viko njiani.

Safari inaanzia Handeni, nchi ya Wazigua, ambako maji ni jambo la kwanza katika hesabu ya siku. Wilaya hiyo iko upande wa milima usiobarikiwa mvua nyingi, vijito vyake vingi hukauka kiangazi kinapokaza, na kwa vizazi vingi watu wake wametegemea malambo, yaani mabwawa madogo ya kuchimbwa yanayokinga maji ya mvua, ambayo mwanzoni mwa msimu huwa na rangi ya chai ya maziwa na mwishoni hugeuka tope. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa bomba unaojulikana hadi leo kwa herufi tatu, HTM, ambao huchota maji ya Mto Pangani katika kijiji cha Tabora wilayani Korogwe na kuyasukuma kwa mitambo kuyapandisha Handeni. Hivyo basi maji ya Handeni, kwa sehemu kubwa, yamekuwa ni maji ya Korogwe yaliyosafirishwa. Mji wa Handeni ni miongoni mwa miji 28 ya Tanzania iliyoingizwa katika mradi wa maji unaogharamiwa kwa mkopo wa Serikali ya India, nao wakazi wanausubiri kwa hamu ambayo mtu aliyezoea kufungua bomba tu hawezi kuielewa kwa urahisi. Kijana anayesukuma baiskeli iliyofungwa madumu manne ya lita 20, mawili kila upande, amebeba kilo 80 za maji pasipo kuhesabu uzito wa baiskeli, na barabara za vumbi za vijijini hazina huruma na mizani ya namna hiyo. Ni vyema msomaji abaki na picha hiyo, kwani huko mbele maji yatatiririka bure, bila mteja, mchana na usiku.

Barabara ya lami ya kilomita 65 inaiunganisha Handeni na Korogwe, na mwisho wake msafiri huupata Mto Pangani, ambao Wazigua huuita Luvu. Hapo nchi hubadilika sura. Upande mmoja ni tambarare ya Wazigua, upande wa pili ni Usambara ya Wasambaa, imesimama kama ukuta, na katikati ya Usambara ya Magharibi na ile ya Mashariki limekaa bonde la Mto Lwengera, unaoteremka kusini na kuungana na Pangani jirani na mji wa Korogwe. Bonde hilo halikuchimbwa na maji peke yake. Milima ya Usambara ni ya aina ambayo wanajiolojia huiita milima ya mpasuko, maana yake ni kwamba haikuinuliwa na volkano kama Kilimanjaro, bali ilipatikana pale tabaka la juu la dunia lilipovunjika katika mapande makubwa, mapande mengine yakainuka na mengine yakabaki chini au kudidimia. Mahali ambapo pande mbili za mwamba zimeachana na kuteleza, moja juu na nyingine chini, huitwa ufa wa kijiolojia, na mtu anayesimama Korogwe akiangalia kuta za milima zinavyoshuka ghafla anaona kwa macho matupu kazi ya nyufa hizo. Miamba yenyewe ni ya kale mno, iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na ugumu wake ndio unaoifanya milima isimame imara mbele ya mvua za msitu wa Amani.

Korogwe pia ndipo historia ya kazi inapoanza kuonekana. Reli iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1902, ikiwa njiani kuelekea Moshi, na mwaka uleule wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, miche 1,000 ambayo 62 tu kati yake ilifika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache, bonde lote la kutoka Korogwe hadi pwani liligeuka shamba moja refu la mistari iliyonyooka. Kwa kuwa wenyeji hawakuwa tayari kuyaacha mashamba yao ya mahindi na mihogo kwa ujira wa wenye mkonge, watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji, na mwaka 1944 wamiliki wa mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyofahamika kwa jina la SILABU. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, jina lililotokana na namba ambayo kila mmoja wao alipewa, na kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambayo bila kujazwa yote mshahara haukutoka.

Jambo moja la kazi hiyo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa linahusu ngozi ya binadamu na litarejea chemchemini. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na ndani lina utomvu wa kijani unaowasha. Mkataji hulikata jani chini karibu na shina, huondoa mwiba, hulifunga pamoja na wenzake katika matita, na hulibeba begani hadi kando ya reli ndogo ya shambani, huku utomvu ukimchuruzikia shingoni, mikononi na kwenye mapaja, ukichanganyika na jasho mpaka ngozi ivimbe na kutoka vipele. Katika korona, mashine inayosaga jani na kuacha singa, yaani nyuzi nyeupe zinazouzwa, maji machafu ya mkonge huruka pande zote na anayelisha mashine hiyo huloa tangu asubuhi hadi zamu yake iishe. Kilele cha kazi hiyo kilifikiwa mwaka 1964, Tanganyika ilipozalisha tani zipatazo 230,000 na kuongoza duniani. Baada ya hapo kamba za plastiki zilizitoa singa sokoni, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 kufuatia Azimio la Arusha, na uzalishaji ukaporomoka hata kabla miaka ya 1990 haijaisha.

Kutoka Korogwe barabara huelekea Segera, njia panda inayojulikana na kila abiria wa basi la Arusha na Moshi, na hapo anayekwenda Tanga huacha barabara ya Dar es Salaam na kushika ya mashariki, kilomita 70 hivi hadi jijini. Hale, ambako maporomoko ya Pangani yamekuwa yakizalisha umeme katika kituo cha megawati 21 tangu miaka ya 1960, hupita upesi. Muheza hujitangaza yenyewe kwa machungwa yaliyopangwa mafungu mafungu kando ya lami. Mlingano, kituo cha utafiti ambacho pamoja na Amani kilitoa mkonge chotara namba 11648 unaolimwa leo hadi China, hakionekani vizuri kutoka barabarani. Pongwe ndipo msafiri anapopaswa kufungua macho, kwa sababu kiwanda cha saruji kilichopo hapo hakikujengwa mahali hapo kwa bahati. Kilifuata jiwe la chokaa. Ile miamba migumu ya Usambara imeachwa nyuma, na chini ya magurudumu sasa kuna mwamba wa aina nyingine kabisa, ulioumbwa baharini.

Takriban miaka milioni 150 iliyopita, katika enzi ambayo wanajiolojia huiita Jurasi, Madagaska, ambayo hapo awali ilikuwa imeegemea pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa imebanduka na kuanza kusafiri kusini, na bahari ikaingia katika nafasi iliyoachwa. Magamba ya viumbe vidogo vya bahari hiyo yalizama, yakarundikana, yakashindiliana na kuwa tabaka nene la chokaa, juu ya mawe ya mchanga ya zamani zaidi yanayofahamika kama miamba ya Karoo. Mbanduko uleule uliacha nyufa ndefu katika pwani yote, nyingine zikiwa zimeshuka kina kirefu, na ni nyufa hizo zinazobeba siri ya maji moto ya Amboni.

Wengi hudhani kwamba penye maji moto pana volkano, na dhana hiyo ni kweli kwa Olkaria karibu na Naivasha, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu mwaka 1981, na kwa Ngozi mkoani Mbeya, ambako Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyoundwa mwaka 2013, imekuwa ikifanya utafiti. Jotoardhi maana yake ni joto la asili lililo ndani ya dunia. Tanga haina volkano, lakini joto hilo halihitaji volkano ili lipatikane, kwani katika sehemu nyingi za dunia kila kilomita moja ya kushuka chini huongeza nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, hivyo mwamba ulio kilomita moja chini ya pwani, ambako hewa ya juu ina wastani wa nyuzi 26 hivi, huwa umekwisha kufikia nyuzi 50 na zaidi. Mvua inayoingia ardhini ikapata ufa wa kushuka, ikashuka polepole kwa miaka mingi, huchukua joto la mwamba huo. Na ikipata ufa mwingine wa kupandia, ulio mpana kiasi cha kuyaruhusu maji yapande kabla hayajapoa, hutokea juu ikiwa chemchemi ya moto. Mji wa Bath nchini Uingereza, ambao Warumi waliujengea mabirika ya kuogea karibu miaka 2,000 iliyopita na ambao jina lake lenyewe maana yake ni kuoga, hupata maji yake kwa njia iyo hiyo, bila volkano, kupitia miamba ya chokaa, yakitoka na joto la nyuzi 46 na kwa wingi unaozidi lita milioni moja kwa siku. Msomaji wa Korogwe anaweza kwa haki kabisa kusema kwamba kilichoko Amboni ni ndugu wa kilichoko Bath. Tofauti iliyopo haiko katika maji.

Harufu nayo ina sababu yake. Maji yakikaa chini katika miamba yenye chumvi za salfa, mahali pasipo na hewa, hukutana na bakteria ambao, kwa kukosa oksijeni ya kupumulia, hutumia chumvi hizo badala yake na kutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo ileile inayotoka katika yai viza. Pua ya binadamu huigundua hata ikiwa kidogo mno. Gesi hiyo ikifika juu na kukutana na hewa, sehemu yake hugeuka kuwa salfa halisi, kiberiti chenyewe, ambacho katika chemchemi za namna hii hutanda juu ya mawe kama ukungu mweupe unaoelekea manjano, na kuyatia maji ule ukijani wa maziwa ambao wageni wa Galanos huukumbuka. Maji hayo hushuka yakaungana na Zigi, mto unaozaliwa katika misitu ya Usambara ya Mashariki, unaozuiwa kwanza katika bwawa la Mabayani ili jiji la Tanga lipate maji ya kunywa, kisha ukafika hapa na kwenda zake baharini. Kandokando ya maji hayo, katika kivuli cha miti ya mtoni, joto la chemchemi na ubaridi wa mto hukaribiana kiasi kwamba mtu aliyechuchumaa ukingoni anaweza kutia mkono mmoja huku na mwingine kule.

Galanos ambaye chemchemi inabeba jina lake ni Christos Galanos, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge katika zama za utawala wa Mwingereza, na jina lake limebaki pia kwenye shule ya sekondari jijini Tanga. Wagiriki wengi wa Tanganyika waliingia nchini na kazi za reli, wakahamia katika mkonge, na huyu anatajwa kuwa ndiye aliyeona kwamba maji hayo yanaweza kumpumzisha mtu aliyeshinda shambani. Aliona vizuri. Hata hivyo, ukiukumbuka ule utomvu unaowasha, ni vigumu kutojiuliza ni nani hasa katika shamba la mkonge aliyekuwa na ngozi yenye haja ya maji ya moto ifikapo jioni, mwenye shamba au mkataji mwenye kipande mfukoni. Jina lililobaki kwenye ramani ni la mwenye shamba. Manamba, ambao wajukuu wao leo ni wakazi wa Korogwe, Muheza na Tanga wasiohesabika, hawana kibao chochote katika chemchemi hiyo, na kibao kinachowataja kingekuwa haki yao, si hisani.

Kuhusu tiba, lugha ya tahadhari ndiyo inayofaa. Imani kwamba maji ya kiberiti huponya ukurutu, upele na maumivu ya viungo ni ya zamani katika mabara yote, na ina kiini cha ukweli, kwani dawa za kupaka zenye salfa hutumika hospitalini kwa baadhi ya maradhi ya ngozi, na maji moto, yawe na salfa au yasiwe nayo, hulegeza misuli iliyokaza. Kati ya kiini hicho na ahadi ya kuponya kila ugonjwa pana umbali mkubwa, na mwenye kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kidonda kibichi au mimba anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kujitumbukiza katika maji moto ya chemchemi yoyote. Maji hayo si ya kunywa. Si vizuri pia kuzamisha kichwa ndani yake, kwa kuwa maji ya asili yenye vuguvugu, popote duniani, yanaweza kuwa na amiba fulani, kijidudu kisichoonekana kwa macho ambacho mara chache sana, lakini kwa hatari kubwa, hupenya puani kwenda kwenye ubongo. Na ile gesi, ambayo mahali pa wazi penye upepo ni kero ya pua tu, katika shimo au chumba kilichofungwa inaweza kuua, nayo ikizidi huiua kwanza hisi ya kunusa, hivyo anayeacha ghafla kuisikia harufu asidhani kwamba imeondoka.

Mgeni aliyefika chemchemini hana sababu ya kuyakosa mapango ya Amboni, yaliyo jirani, upande wa kijiji cha Kiomoni, katika chokaa ileile ya Jurasi. Maji ya mvua, yakipita katika hewa na udongo, huchukua kaboni dioksaidi na kuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo huila chokaa tone kwa tone mpaka mwamba uliokuwa mzima ukawa kumbi na vichochoro. Kisha tone lilelile, likining'inia darini na kupoteza gesi yake, huiacha chokaa liliyoibeba na kujenga michirizi ya mawe inayoning'inia kama mishumaa. Masimulizi yanayosema kwamba mapango hayo yanafika Mombasa au chini ya Kilimanjaro ni matamu kuyasikiliza, ingawa upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulionyesha kwamba refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Ndani yake watu wamekuwa wakiweka sadaka na kuomba uzazi na nafuu, na katika miaka ya 1950 Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliokuwa wakisakwa na polisi wa kikoloni, walijificha humo. Jina la Osale bado hutamkwa Tanga kwa namna ambayo majina ya wakimbizi wengine wa sheria hayatamkwi. Mapango yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro katika miaka hii ya karibuni, yana kiingilio na waongozaji, nayo yanahitaji viatu visivyoteleza na kurunzi yenye betri nzima. Asiyeweza kuvumilia popo ni afadhali abaki nje.

Kwa mapango, basi, mlinzi yupo. Chemchemi ndiyo iliyobaki nyuma, na inasikitisha kwamba maji yaliyosafiri miaka mingi chini ya ardhi kuja juu hukuta mahali ambapo hadhi yake haijawahi kufikia ile ya jirani yake. Inachohitaji si hoteli ya ghorofa, wala sakafu ya saruji juu ya mawe yaliyovikwa kiberiti, kwani mdomo wa chemchemi ukizibwa au kuelekezwa ovyo maji hutafuta ufa mwingine, na hakuna fundi anayeweza kuyabembeleza yarudi. Inahitaji choo safi kilichowekwa mbali na maji, kivuli, sehemu ya kubadilishia nguo ambayo mama aliyetoka Handeni na binti zake wataweza kuitumia kwa staha, kijana wa Kiomoni au Amboni aliyefunzwa kueleza jiolojia kwa Kiswahili, na ubao mmoja unaoonyesha matokeo ya upimaji wa maji: joto lake, chumvi zake, usalama wake, na tarehe ya kupimwa. Ubao huo haugharimu kiasi cha kushindikana, na ndio utakaompa mgeni sababu ya kuamini anachoambiwa juu ya tiba na hatari.

Wakati unaofaa kwa safari hii ni kipupwe, kati ya Juni na Agosti, masika yakiwa yamekwisha na joto la pwani likiwa limepungua, maana wakati wa masika Zigi hujaa na njia za udongo huteleza, na mwezi wa Februari hakuna atakayetamani maji moto Tanga. Anayetoka Handeni alfajiri hufika jijini kabla ya saa sita. Kutoka hapo hushika barabara ya Horohoro iendayo Mombasa, kwa daladala, bajaji, au baiskeli, chombo ambacho Watanga hawajakiacha, kisha huacha lami na kufuata njia ya kijijini akiongozwa na pua. Wanawake wanaovaa pete au bangili za fedha huambiwa wazivue kwanza, kwa kuwa salfa hushikana na fedha na kuifanya nyeusi kwa muda mfupi. Anayesahau huondoka na pete iliyopauka, kisha ikawa ya hudhurungi, kisha nyeusi ti, na hata akipita Muheza akanunua fungu la machungwa, mkono unaotoa hela bado unanuka kiberiti.